Kupitia upya mtaala wa shahada ya kwanza bila kuishia kubadili majina ya kozi

Idara ikiagizwa kupitia mtaala, kishawishi cha kwanza ni kufungua faili la zamani, kubadilisha mwaka kwenye jalada, kuchomeka maneno "akili mnemba" katika kozi mbili tatu, kisha kupeleka mbele. Hati ya namna hiyo hurudi na hoja kurasa sita. Au, mbaya zaidi, hupita, halafu wanafunzi wanaisoma miaka mitano.

Mwongozo huu ni kwa mkuu wa idara, mratibu wa programu na mwalimu aliyeteuliwa kuwa katibu wa kamati, katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini: MUST na TEKU vya Mbeya, Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa vya mjini Iringa, na vinginevyo. Ili hesabu zionekane tutatumia mfano mmoja wa kubuni, shahada ya miaka mitatu ya sayansi ya mazao katika chuo kilichoko Mbeya.

Hesabu muda kutoka mwisho

Masomo huanza Oktoba au Novemba. Dirisha la udahili hufunguliwa matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida Julai. Kwa hiyo mtaala unaotakiwa kuanza Oktoba uwe umeshaidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla ya dirisha hilo. Rudi nyuma: toa miezi ya wahakiki kusoma na nyinyi kujibu hoja, toa vikao vya Seneti (chombo cha juu cha taaluma chuoni) ambavyo havikai kila mwezi, toa kikao cha ndaki (kitivo ambamo idara yenu imo), toa miezi mitatu ya kuandika na mitatu au minne ya kukusanya ushahidi. Utajikuta unapaswa kuanza kama miezi 18 kabla. Idara zinazoanza Januari zikitarajia Oktoba ya mwaka huohuo ndizo zinazoishia kubadili jalada.

Kalenda ya huku kwetu nayo ina neno. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukiita wakulima na maofisa ugani kwenye mkutano wa wadau mwezi Desemba au Januari, utapata viti vitupu, maana watu wako shambani na barabara za vijijini hazipitiki. Juni hadi Septemba ndipo watu wana nafasi.

Kamati iwe ya watu watano hadi saba. Katibu awe mtu anayejua Excel vizuri, kwa sababu nusu ya kazi hii ni majedwali. Ingiza mmoja kutoka ofisi ya ratiba na mmoja kutoka ofisi ya uhakiki ubora tangu siku ya kwanza. Wakiletewa hati mwishoni kazi yao inakuwa kukosoa, lakini wakiwamo tangu mwanzo watawaonya mapema kwamba maabara haina nafasi.

Ushahidi kwanza, maoni baadaye

Kabla hamjakaa kujadili kozi yoyote, katibu akusanye mambo haya ya miaka mitano iliyopita: idadi ya waliodahiliwa kila mwaka na waliohitimu kwa wakati, matokeo ya kila kozi, wangapi walipata sapu, yaani mtihani wa nyongeza, na wangapi walirudia kozi, ripoti za watahini wa nje, na vitabu vya kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo. Ripoti za watahini wa nje ni hazina inayosahaulika. Mara nyingi mtahini ameandika jambo lilelile miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyeligusa. Mhakiki wa TCU akikuta hilo, ataliuliza.

Matokeo ya kozi yasomwe kwa pande zote mbili. Kozi ambayo theluthi ya darasa hushindwa kila mwaka ina tatizo. Kozi ambayo hakuna aliyewahi kupata chini ya B kwa miaka mitano nayo ina tatizo, ila huwa haipigiwi kelele.

Kisha wahitimu. Ufuatiliaji wa wahitimu huharibika kwa njia moja inayojulikana: unatuma dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, wanajibu wenye kazi nzuri, wasio na kazi wananyamaza, na ripoti inatoka ikisema mambo ni shwari. Dawa ni kuchukua orodha kamili ya waliohitimu, kuchagua majina kwa bahati nasibu, tuseme 60 katika 180, kisha kuwapigia simu mmoja mmoja. Aliyekuwa CR (mwakilishi) wa darasa hujua namba mpya za wenzake. Asiyepatikana aandikwe hajapatikana, asibadilishwe na rafiki yake anayepatikana. Kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu: mweleze unayempigia kwa nini unamhoji, na majina yasiingie kwenye kiambatisho cha ripoti.

Maswali yasizidi 20. Swali "je, mtaala ulikusaidia?" halina faida, kila mtu atasema ndiyo kwa adabu. Uliza: wiki iliyopita ulifanya kazi gani, siku kwa siku? Kitu gani ulilazimika kujifunza upya ulipoajiriwa au ulipojiajiri? Kozi ipi hujawahi kuigusa tangu utoke chuoni? Jibu la swali la tatu liwekeni pembeni, mtalihitaji baadaye wakati wa ugomvi.

Waajiri nao. Usiandike barua kwa "Mkurugenzi" na kungoja, kwa sababu atamtuma ofisa utumishi ambaye hajawahi kumsimamia mwanafunzi wenu hata siku moja. Omba kwa cheo: msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kufungashia parachichi huko Njombe au Rungwe, ofisa kilimo wa kata Mbarali, mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, msimamizi wa shamba la chai Mufindi. Wagawe katika meza za watu sita hadi wanane. Kila meza ipewe orodha ya kozi zote kwenye karatasi moja na kalamu nyekundu: wakate tano, waongeze mbili, waandike kwa nini. Hotuba ya mgeni rasmi iwe dakika kumi. Mkutano wa wadau uliojaa projekta na hotuba huzaa picha za ukumbusho na aya moja isemayo "wadau walipongeza".

Lugha ya mkutano iwe Kiswahili. Hati yenyewe mtaiandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia vyuoni, na hapo katikati ndipo maneno ya mwajiri hupotea. Msimamizi anasema, "vijana wenu hawajui kumwambia dereva lori lingoje," akimaanisha hawana uwezo wa kuamua mzigo upakiwe au usipakiwe. Hatini linageuka "stadi za mawasiliano" na kuongezewa kozi ya mihadhara. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, myabandike kwenye jedwali, ndipo mtafute kozi itakayoyajibu.

Matokeo ya ujifunzaji yanayopimika

Shahada ya kwanza iko ngazi ya 8 katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini. Programu nzima iwe na matokeo 8 hadi 12 ya ujifunzaji, si 30. Na kila moja liwe ni kitu ambacho mtu anaweza kukiona mwanafunzi akikifanya.

Mfano wa tokeo bovu: "Mhitimu ataelewa utunzaji wa mazao baada ya mavuno." Kuelewa hakuonekani. Tulibadilishe: "Mhitimu ataweza kuamua kama parachichi za aina ya Hass zimefikia ukomavu wa kuvunwa kwa kupima uzito mkavu wa tunda, na kupanga safari yake ya ubaridi hadi bandarini." Sasa kinajulikana cha kupima. Mwanafunzi anachukua nyama ya tunda gramu 10, anaikausha hadi uzito usiposhuka tena, anapima zilizobaki. Zikiwa gramu 2.3, uzito mkavu ni asilimia 23, na anatakiwa aseme kama mzigo huo unavunwa au unasubiri, na kwa nini chumba cha baridi cha Hass huwekwa nyuzi 5 hadi 7 na si sifuri. Mtihani wa vitendo umejitunga wenyewe.

Mkishakuwa na matokeo 10, chora jedwali: matokeo juu, kozi pembeni. Kila kisanduku weka A kama kozi inaanzisha tokeo hilo, K kama inalikuza, P kama inalipima. Halafu tazameni. Tokeo lenye A nne na bila P yoyote maana yake linahubiriwa kila mwaka na halipimwi kamwe. Kozi isiyo na herufi hata moja ni ya kuulizwa ilikujaje. Kozi mbili zenye herufi zilezile kwenye safu zilezile ni kozi moja yenye walimu wawili. Jedwali hili hufanya kazi ya mikutano mitatu, na wahakiki hulitafuta mapema kuliko kurasa nyingine.

Krediti: hapa ndipo hati nyingi huangukia

Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ni saa zake zote: mihadhara, semina, vitendo, kazi za nyumbani, kujisomea na maandalizi ya mtihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu ni 360 na ya minne ni 480. Semista moja ni krediti 60, yaani saa 600. Gawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia: mkijumlisha semista ikawa krediti 78, mnamtaka mwanafunzi afanye kazi saa 52 kwa wiki. Hatafanya. Atachagua mwenyewe kozi za kupuuza.

Chukua kozi ya krediti 10, utunzaji wa mazao baada ya mavuno. Ina saa 100. Mihadhara saa 2 kwa wiki mara 15 ni 30. Vitendo, vipindi 10 vya saa 3, ni 30. Semina 10, kazi za nyumbani 10, kujisomea 20. Imetimia. Sasa linganisha na ratiba halisi. Kosa la kawaida ni hati kuandika saa 45 za mihadhara huku ratiba ikitoa saa 2 kwa wiki, yaani 30. Mwalimu aliyeandika alinakili kozi ya chuo kingine, na saa 15 hazipo popote.

Halafu pigeni hesabu ya maabara, ambayo karibu kila mtu huisahau. Darasa lina wanafunzi 120, maabara ina viti 30. Hayo ni makundi manne. Kipindi cha saa 3 mara makundi manne ni saa 12 kwa wiki, kwa kozi hiyo moja. Kama kozi nne za semista hiyo zina vitendo vya namna hiyo, maabara inahitaji saa 48 kwa wiki, na fundi sanifu ni mmoja. Kitakachotokea mnakijua: vitendo vitageuka maonyesho, mwanafunzi mmoja anashika, 29 wanaangalia, wengine wako nje wanasubiri zamu. Ni afadhali kupunguza vitendo kutoka 10 hadi 6 vinavyofanyika kweli, au kuhamisha kozi mbili kwenda semista nyingine, kuliko kupamba hati.

Mafunzo kwa vitendo nayo yahesabiwe kwa uaminifu. Wiki 8 kwa saa 40 ni saa 320, sawa na krediti 32. Zikiandikwa krediti 10, mhakiki atauliza saa 220 zimekwenda wapi. Tazameni kwanza kanuni za chuo chenu zinasemaje kuhusu mafunzo haya. Kama hazisemi, chagueni: ama mfupishe wiki, ama mkubali krediti hizo na kuondoa kozi tatu darasani. Binafsi tungeondoa kozi.

Mpangilio wa semista ufuate msimu pale inapowezekana. Mahindi huku huvunwa kuanzia Mei kuelekea Julai, kwa hiyo kozi inayofundisha uvunaji na ukaushaji ikae semista ya pili, wakati shamba lina kitu cha kuonyesha. Lakini ukitaka mwanafunzi aone fukusi na dumuzi walichofanya ghalani, Novemba ni nzuri kuliko Juni. Huu si urembo: kozi iliyowekwa msimu usio wake itafundishwa kwa slaidi.

Kuondoa kozi

Kila aliyeshiriki ana kozi ya kuongeza. Hakuna anayeleta ya kuondoa. Ndiyo maana mitaala hunenepa kila mzunguko mpaka krediti zinafika 430 katika programu ya 360, na katibu anaanza kubana namba ili jumla itoke sawa: kozi ya saa 100 inaandikwa krediti 7 bila maudhui kupunguzwa hata mstari.

Sababu si ukaidi. Kozi ni mzigo wa ufundishaji wa mtu, na mzigo ukipungua chini ya kiwango mtu anahofia nafasi yake na upandaji wake daraja. Ukileta mezani hoja ya kufuta kozi bila kugusa hofu hiyo, mjadala utakuwa wa kitaaluma kwa nje tu. Basi pangeni mizigo kwanza. Mkuu wa idara akae na kila mwalimu faraghani, waandike atafundisha nini katika mtaala mpya, ndipo kamati ikae kukata. Mwalimu ambaye kozi yake inaunganishwa na nyingine apewe vipindi vya vitendo au usimamizi wa miradi ya mwaka wa tatu, kazi ambayo daima ina uhaba wa watu.

Swali la kukatia ni moja: kozi hii ikiondoka, ni tokeo lipi kati ya yale 10 litakosa pa kukuzwa au pa kupimwa? Kama hakuna tokeo la namna hiyo, kozi haina utetezi. Hapa ndipo mtatoa yale majibu ya wahitimu mliyoyaweka pembeni, na karatasi za kalamu nyekundu. Ushahidi kutoka nje hupoza ugomvi, kwa kuwa anayekata si mwenzako wa ofisi ya jirani.

Kozi za chuo kizima, kama stadi za mawasiliano na ujasiriamali, idara haina mamlaka ya kuzifuta. Inaweza kuomba mifano na kazi za nyumbani zitoke kwenye fani: mwanafunzi wa mazao aandike taarifa ya ukaguzi wa ghala badala ya insha kuhusu utandawazi.

Walimu wa baadaye wana la ziada

Vyuo vinavyoandaa walimu, Mkwawa kwa mfano, vina mwajiri ambaye mahitaji yake yamechapishwa: mtaala wa sekondari wenyewe. Mitaala mipya ilianza kutumika 2024 baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, ikaleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Idara ya historia isiyoonyesha mhitimu wake atalifundishaje somo hilo itakuwa na wakati mgumu kujieleza.

Fani zenye bodi za kitaaluma nazo zina mlango wa pili. Uhandisi una ERB, uhasibu una NBAA, uuguzi una baraza lake. Wapelekeeni rasimu kabla ya Seneti, si baada, maana mkibadilisha kozi kwa agizo la bodi baada ya Seneti kupitisha, mtarudi mwanzo wa foleni.

Ngazi za idhini na kujibu hoja

Njia ni idara, bodi ya shule au ndaki, kamati ya Seneti, Seneti yenyewe, kisha TCU. Majina hutofautiana chuo kwa chuo. Kila ngazi ina tarehe ya mwisho ya kupokea nyaraka kabla ya kikao, chukueni tarehe hizo zote mwanzoni mzibandike ukutani. Kukosa kikao kimoja cha Seneti kunaweza kuwagharimu miezi mitatu.

Hoja zikirudi, msijibu kwa barua ndefu. Tengenezeni jedwali la safu nne: hoja kama ilivyoandikwa, mlichofanya, ukurasa kilipo sasa, na kama hamkukubali, sababu. Kukataa hoja kunaruhusiwa. Kuandika "imezingatiwa" bila ukurasa ndiko kunakokera. Hoja zinazojirudia zaidi ni hizi: jumla za krediti zisizolingana kati ya jedwali na maelezo ya kozi, orodha ya vitabu ambavyo maktaba haina, kozi iliyopewa mwalimu msaidizi ambaye bado ana shahada ya kwanza tu, na jina la kozi lililoandikwa kwa namna tatu tofauti. Nne hizo zote katibu anaweza kuzimaliza kwa jioni mbili kabla hati haijatoka idarani.

Mradi wa HEET, wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioidhinishwa 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulilipia mapitio ya mitaala katika vyuo vingi vya umma, mikutano ya wadau ikiwamo. Idara isiyo na mradi iweke fungu kwenye bajeti ya mwaka unaotangulia: simu, nauli na posho za wadau, uchapaji, ada za uhakiki. Kazi ikianza bila fungu, kinachokatwa kwanza ni wahitimu na waajiri, na hao ndio msingi wa kazi yote.

Wanafunzi walio katikati

Mtaala mpya huanza na mwaka wa kwanza. Waliotangulia wanamaliza na wa zamani, kwa hiyo kwa miaka miwili mtaendesha mitaala miwili sambamba. Ongezeni mwaka mmoja au miwili kwa walioahirisha masomo. Andaeni jedwali la kulinganisha kozi kabla ya siku ya kwanza: aliyeshindwa kozi iliyofutwa atafanya ipi badala yake, na krediti zikipungua atazifidia wapi. Bila jedwali hilo, kila Oktoba kuna wanafunzi kwenye korido wakishika barua, na kila mmoja anaamuliwa kivyake.

Na msitumie tena msimbo wa zamani kwa maudhui mapya. Kozi ikibadilika zaidi ya theluthi moja, ipeni namba nyingine hata kama jina limebaki. Mfumo wa matokeo hausomi jina, husoma msimbo. Mwanafunzi anayerudia AG 204 ya zamani ataandikiwa alama za AG 204 mpya ambayo hajawahi kuisoma, na kosa hilo halionekani mpaka siku anayokuja kuchukua nakala ya matokeo yake.